Maria Agnesi na Kalkulasi Iliyoandikwa Nyumbani

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye mara nyingi anayekuwa wa kwanza kuulizwa na mzazi swali gumu juu ya hisabati. Mtoto amefaulu, anakwenda sekondari, na huko mbele kuna somo liitwalo kalkulasi, ambalo baba hajapata kuliona wala mama hajapata kulisikia. Somo hilo ni la nini? Litamfikisha wapi mtoto? Na ikiwa mtoto mwenyewe ni wa kike, swali huulizwa kwa mashaka zaidi. Masomo yetu ya mbinu za kufundishia hushughulika sana na mtoto aliye mbele ya ubao, lakini husema machache kuhusu mzazi aliyebaki nyumbani. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa walimu-wanafunzi wayajue maisha ya Maria Gaetana Agnesi, kwani karibu kazi yake yote ya hisabati ilifanyika ndani ya nyumba ya wazazi wake.

Alizaliwa katika mji wa Milan, Italia, tarehe 16 Mei, 1718. Baba yake, Pietro Agnesi, alikuwa tajiri wa ukoo uliopata mali kwa biashara ya hariri. Vitabu vingine humtaja kuwa alikuwa profesa wa hisabati huko Bologna. Habari hiyo si ya kweli, na ni vema tuikanushe, maana humfanya msomaji adhani kwamba binti alizaliwa na hesabu damuni. Mzee Pietro alioa mara tatu akapata watoto 21, na Maria ndiye kifungua mimba wake. Tamaa yake kubwa ilikuwa kuuona ukoo wake ukihesabiwa miongoni mwa makabaila wa mji. Njia mojawapo ya kuifikia tamaa hiyo ilikuwa kuwaonyesha watu akili za watoto wake.

Aliwaajiri walimu bora. Jioni aliwakaribisha nyumbani wasomi, mapadri na wageni waliopita Milan, kisha Maria akajadiliana nao kwa Kilatini juu ya mambo ya falsafa na elimu ya maumbile, na mdogo wake, Maria Teresa, akapiga kinanda. Mwaka 1727, alipokuwa na umri wa miaka tisa tu, Maria alitoa hotuba kwa Kilatini akitetea haki ya wanawake kupata elimu. Kabla ya kuvuka sana utoto wake alikuwa amekwisha kujua Kifaransa, Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani. Mwaka 1738 zilichapishwa hoja zipatazo 190 alizokuwa akizitetea mbele ya wageni hao.

Msomaji anaweza kumsifu baba wa namna hiyo, na kwa kweli anastahili sifa, kwani katika karne ile wasichana wengi wa Ulaya hawakufundishwa zaidi ya kusoma, kushona na kusali. Hata hivyo, mimi naona kasoro moja. Jioni zile zilikuwa za kushangaza watu, si za kuwaelewesha. Mgeni asiyekijua Kilatini aliondoka akijua tu kwamba binti wa Pietro ana akili. Na binti mwenyewe hakuzipenda. Alipokuwa na umri wa miaka kama ishirini na mmoja alimwomba baba yake ruhusa ya kuingia utawani. Baba alikataa, akahuzunika sana. Maria akakubali kubaki kwa masharti: avae mavazi ya kawaida, aende kanisani kila apendapo, na asilazimishwe kwenda kwenye ngoma na maonyesho ya michezo. Baba akaridhia.

Ni katika kipindi hicho ndipo alipoiingia hisabati kwa nguvu zake zote. Mwaka 1740 alifika Milan mtawa mmoja aliyekuwa mwalimu wa hisabati, jina lake Ramiro Rampinelli, naye akamwongoza katika kalkulasi, elimu ambayo wakati huo haikuwa imetimiza hata miaka sitini tangu Leibniz aanze kuichapisha mwaka 1684. Vitabu vyake vilikuwa vichache. Maarifa yalitawanyika katika barua na majarida ya wataalamu, haya kwa Kilatini, yale kwa Kifaransa, kila mmoja akitumia njia yake. Rampinelli alimkutanisha pia, kwa njia ya barua, na Jacopo Riccati, mwanahisabati mashuhuri aliyekubali kuupitia mswada wake.

Mswada huo haukuanza kama kitabu cha kuuzwa. Aliuandika kwanza kwa ajili ya kujiburudisha na kuwafundisha wadogo zake, kwani mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka 1732 na malezi ya wadogo hao yalimwangukia yeye kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo ninapowaomba walimu-wanafunzi watulie kidogo. Mwandishi aliyeweza kuandika Kilatini tangu utotoni, tena akijua kwamba wataalamu wa Ulaya nzima wangemsoma kwa urahisi zaidi katika lugha hiyo, aliichagua lugha ya Kiitalia. Kitabu alikiita kwa jina lenye kuonyesha wazi kwamba ni misingi ya uchambuzi kwa matumizi ya vijana wa Italia. Ile hisabati iliyokuwa ya wataalamu sasa iliandikwa kwa lugha iliyozungumzwa mezani kwa baba yake.

Na mpangilio wake ni wa mwalimu. Juzuu ya kwanza haigusi kalkulasi kabisa. Inaanza na aljebra, kisha inaonyesha jinsi aljebra inavyoweza kueleza mistari iliyopinda. Msomaji akishazoea, ndipo juzuu ya pili inapomwingiza katika hesabu za mabadiliko madogo mno, halafu katika kinyume chake, yaani kuyakusanya madogo hayo yawe kitu kizima, na mwisho katika milinganyo iliyo migumu zaidi. Kila kanuni inafuatiwa na mifano mingi iliyofanywa hadi mwisho. Hakuna mahali anapomrukisha mwanafunzi hatua mbili kwa mara moja akidai kwamba jambo liko wazi.

Ukiulizwa na wazazi kalkulasi ni nini, ifuate njia hiyo: anza na kinachojulikana, na sema kwa lugha ya nyumbani. Mfano ufuatao ni wangu, si wa Agnesi. Nazi ikianguka kutoka juu, umbali inaoshuka, kwa makadirio, ni mita 5 mara sekunde zilizopita, mara sekunde hizo tena. Katika sekunde 1 imeshuka mita 5, katika sekunde 2 mita 20. Je, mwendo wake ulikuwa kiasi gani hasa ilipotimia sekunde ya 1? Kati ya sekunde ya 1 na ya 2 imekwenda mita 15, yaani wastani wa mita 15 kwa sekunde. Lakini wakati huo ni mrefu mno, maana nazi inazidi kuongeza kasi. Ufupishe uwe kati ya sekunde 1 na 1.1: wastani ni mita 10.5 kwa sekunde. Ufupishe tena uwe kati ya 1 na 1.01: wastani ni 10.05. Mzazi anayejua kuzidisha na kugawanya atakwambia mwenyewe jibu linaelekea wapi. Linaelekea 10. Amekwisha kuuona mlango wa kalkulasi, na hakuna aliyemtaka ashangae. Mfano huu uandikwe ubaoni polepole, na ugawaji wafanye wazazi wenyewe.

Turudi Milan. Ili asimamie uchapaji wa kitabu chenye alama ngeni kwa wapiga chapa, mitambo ya kuchapia ilisimamishwa nyumbani kwao, naye akasahihisha kurasa zilipokuwa zikitoka. Zilikuwa zaidi ya 1,000. Kitabu kilitoka mwaka 1748 katika juzuu mbili, kikiwa kimetabarukiwa kwa Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye Milan ilikuwa chini yake, naye akamtuza pete ya almasi na kisanduku cha bilauri chenye vito. Papa Benedikto XIV alimpelekea nishani ya dhahabu, na mwaka 1750 akamteua kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Bologna. Jina lake liliandikwa katika orodha ya chuo, lakini hakwenda kufundisha huko hata siku moja.

Mwaka 1752 baba yake alifariki. Wengi hustaajabu kuona kwamba baada ya hapo Maria aliiacha hisabati kabisa. Baadaye alipoombwa maoni juu ya kazi ya kijana Lagrange, aliyekuja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne hiyo, alijibu kwamba mambo hayo hayashughulikii tena. Mimi sistaajabu sana. Lile alilolitaka tangu ujana wake, yaani kuwatumikia maskini na Mungu wake, lilikuwa limesubiri miaka kumi na mitatu. Aliwafundisha dini wanawake maskini, akawahudumia wagonjwa kwanza katika nyumba ya ukoo, kisha katika nyumba aliyoipanga kwa kazi hiyo mwaka 1759. Fedha zilipopungua aliziuza zile zawadi za Maria Theresa. Ilipofunguliwa nyumba ya wazee iitwayo Pio Albergo Trivulzio mwaka 1771, alikabidhiwa usimamizi wa upande wa wanawake, na baadaye akahamia humo moja kwa moja.

Alifariki humo tarehe 9 Januari, 1799, akiwa na umri wa miaka 80, akazikwa pamoja na maskini katika kaburi la watu wengi.

Kitabu kiliendelea na safari yake. Juzuu ya pili ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1775. Huko Cambridge, Uingereza, profesa John Colson alijifunza Kiitalia katika uzee wake ili apate kukitafsiri chote, akafariki mwaka 1760 kabla hakijachapwa. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1801. Ndani yake alizibadilisha alama za Leibniz alizozitumia Agnesi, akaweka zile za Newton zilizozoeleka Uingereza. Tena kulikuwa na mstari mmoja uliopinda, wenye umbo kama kilima cha mteremko mpole pande zote mbili, ambao kwa Kiitalia uliitwa versiera, jina la kihisabati lenye maana ya kugeuka. Colson alilichanganya na neno lingine linalofanana nalo, lenye maana ya mke wa shetani, akauita mstari huo mchawi. Hadi leo vitabu vya Kiingereza humwita hivyo, mchawi wa Agnesi.