Stagg: Kocha aliyekataa kustaafu akiwa na miaka 70

Mwaka 1932, Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani kilimweleza kocha wake mkuu, Amos Alonzo Stagg, kuwa ametimiza miaka 70 na hivyo hana budi kuondoka uwanjani. Chuo kilimwekea nafasi nyingine isiyo ya ukocha, lakini mkongwe huyo aliikataa na kwenda kutafuta timu kwingine.

Uamuzi huo ulihitimisha utumishi wa miaka 41 wa mtu aliyezijenga idara na timu za chuo hicho tangu kilipofungua milango yake.

Stagg alizaliwa Agosti 16, 1862, West Orange, jimbo la New Jersey, katika familia ya fundi viatu. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa mchungaji. Huko alivuma kama mrushaji mpira hodari wa besiboli, lakini klabu za kulipwa zilipomfuata alizikatalia. Mwaka 1889 aliteuliwa pia katika kikosi cha nyota wa vyuo wa futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi.

Alipobaini kuwa hakujaliwa kipaji cha kuhutubu, aliiacha njia ya mimbari. Aliamini kuwa vijana wangeweza kulelewa kimaadili uwanjani kama wanavyolelewa kanisani, na imani hiyo aliishika hadi mwisho.

Alihamia shule ya mafunzo ya YMCA mjini Springfield, Massachusetts, ambako James Naismith alibuni mpira wa kikapu Desemba 1891. Machi 1892 walimu na wanafunzi wa shule hiyo walipambana mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza. Wanafunzi walishinda 5-1, na bao pekee la walimu lilifungwa na Stagg.

Mwaka huohuo William Rainey Harper, mwalimu wake wa zamani Yale na rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimwita kuongoza michezo. Harper alimpa hadhi ya mwanataaluma, jambo lisilo la kawaida kwa kocha wa enzi hizo. Wachezaji walikuwa wachache kiasi kwamba msimu wa kwanza kocha mwenyewe alilazimika kuingia uwanjani.

Stagg alifundisha futiboli, besiboli kwa takriban miaka 20, riadha kwa miongo kadhaa, na hata mpira wa kikapu kwa msimu mmoja. Timu yake ya futiboli ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya ukanda huo mara saba. Mwaka 1905 iliifunga Michigan 2-0 na kuvunja rekodi ya wapinzani hao ya kucheza mechi 56 bila kufungwa.

Hata hivyo, mwaka huo ulikuwa mchungu kwa futiboli, kwani vifo vya wachezaji viliwafanya wengi kutaka mchezo huo upigwe marufuku vyuoni. Stagg alikuwa katika kamati ya sheria ambayo mwaka 1906 iliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, hatua iliyolenga kupunguza msongamano wa miili uwanjani.

Wapo waliomlaumu kwa kuifanya idara yake kuwa na mamlaka na fedha nje ya usimamizi wa wanataaluma. Mvutano huo kati ya darasa na uwanja haukuisha hata baada ya yeye kuondoka. Mwaka 1939 chuo hicho kiliifuta timu yake ya futiboli. Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa ya uwanja uliobeba jina la Stagg, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko wa kwanza wa nyuklia wenye kujiendesha.

Wakati huo Stagg alikuwa bado kazini, katika Chuo cha Pacific mjini Stockton, California, alikofundisha kuanzia 1933 hadi 1946. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa Kocha Bora wa Mwaka. Baadaye alimsaidia mwanawe kufundisha Chuo Kikuu cha Susquehanna, Pennsylvania, kisha akarejea Stockton na kuendelea kuwanoa vijana hadi alipokaribia miaka 100.

Stagg alifariki dunia Stockton Machi 17, 1965, akiwa na umri wa miaka 102. Ushindi wake 314 katika futiboli ulibaki rekodi hadi mwaka 1981, ulipopitwa na Paul Bryant wa Alabama. Jina lake limo katika kumbi za mashujaa wa futiboli ya vyuo na wa mpira wa kikapu, na tangu 1973 fainali ya futiboli ya vyuo vya daraja la tatu nchini humo imekuwa ikiitwa kwa jina lake.