Kanoni Apolo wa Mboga

Tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi mbalimbali humkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyelala usingizi wa mauti siku hiyo mwaka 1933. Wengi wetu tunamjua kama mtume wa Wambuti, watu wa msitu wa Kongo, na kazi hiyo ilikuwa kubwa kweli. Lakini leo tunapenda kusimulia habari za miaka yake ya kwanza kule Mboga, maana mna jambo la kusamehe, ambalo hutushinda hata sisi tunaoketi benchi moja kanisani.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Ujanani hakuwa mtu wa sifa njema. Alivuta bangi, akafuata majeshi katika vita vya dini vya nchi ile. Alibatizwa Januari 1895 kwa jina la Apolo. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la askari alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake. (Msomaji ataona upesi kwamba Bulaya ya Waganda ndiyo Ulaya yetu.) Mwaka ule ule alipelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini, na mwishoni mwa 1896 akavuka mto Semliki kwenda Mboga, ambayo sasa imo katika Kongo.

Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa kunyimwa chakula. Apolo alichukua jembe, akalima mwenyewe. Ndipo chifu wa pale, Tabaro, akamchukia, maana mwalimu huyu alikemea ulevi na kuoa wake wengi. Apolo alipigwa vibaya sana. Kisha, mwaka 1898, mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akafungwa minyororo na kupelekwa gerezani Toro, safari ya siku kadhaa kwa miguu.

Baadaye alisimulia kwamba mle gerezani alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimwambia asiogope. Ushahidi haukupatikana, akafunguliwa.

Hapa tusipite haraka. Toro palikuwa na makanisa na marafiki, wala hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki huko. Wengi wetu husamehe kwa namna hiyo: tunasema yamekwisha, kisha tunabadili njia ya kwenda sokoni tusikutane na mtu yule. Apolo alirudi Mboga. Tena tukumbuke kwamba serikali kumfungua mtu si sawa na majirani kumfungua. Alirudi kufundisha mahali ambapo kila mtu alijua kwamba alitoka pale amefungwa kama mwuaji.

Akafundisha, na watu wakasikia. Na Tabaro naye akaja. Chifu yule alijifunza neno la Mungu kutoka kwa mtu aliyemtesa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina lenyewe latosha, maana Paulo wa kwanza naye alianza kwa kuwatesa watu wa Bwana.

Yaliyofuata twayataja kwa ufupi. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akahudumu Toro miaka mingi, kisha akarudi Mboga, ambayo wakati huo ilikuwa imewekwa chini ya Wabelgiji. Hakuoa kamwe. Alifanywa kanoni mwaka 1922, na katika miaka hiyo, akiwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, akaanza kuingia msituni kwa Wambuti. Kanisa la Kianglikana la Kongo, lililopata kuwa jimbo kamili mwaka 1992, lilichipuka kutoka Mboga.

Alipokaribia kufa aliagiza asizikwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao Buganda, bali magharibi, kwenye msitu ambao bado haujafikiwa na Injili. Watu wa Mboga wakamzika kama alivyotaka.