Karl Nessler: Msusi Aliyetia Moto wa Stima Katika Nywele

Wako watu ambao majina yao hukaa midomoni mwa walimwengu karne kwa karne, na wako wengine ambao majina yao hupotea ijapokuwa kazi ya mikono yao imeenea kila mtaa. Karl Nessler ni katika hawa wa pili. Katika zama zake alikuwa mtu mashuhuri London na New York, akijulikana kwa jina la Charles Nestlé, na mabibi wenye uwezo walikuwa wakingoja zamu zao mlangoni kwake. Leo hata wasusi wanaopata riziki kwa kazi aliyoifungulia njia hawalijui jina lake. Wakilisikia hudhani ni mtu wa maziwa ya kopo, na wala hana uhusiano nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini kwa miaka kadhaa sasa kazi imenikalisha bara, baina ya Kitale na Bungoma, na dada yangu mdogo ana saluni ya akina mama huko Kitale. Mji ule uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si ya mchezo. Nywele zilizooshwa haziwezi kuachwa zikauke kwa upepo kama tufanyavyo pwani. Kwa hiyo draya, pasi ya nywele, mashine ya mvuke na chungu cha nta ni vyombo vya kila siku, na vyote vinakula stima. Kila mwaka wanakuja wasichana kujifunza kazi, wengine wametoka shule juzi tu, na mkono wa kwanza unaowashikisha vyombo hivyo ndio utakaowalinda au kuwahasiri. Kwa ajili yao nimeona inafaa nisimulie maisha ya msusi huyu, maana ndani yake mna mafunzo mengi ambayo watu waliyalipia kwa ngozi zao.

Nessler alizaliwa tarehe 2 Mei, 1872, katika mji mdogo wa Todtnau, ulioko kwenye milima ya Msitu Mweusi kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi viatu. Kijana alijifunza kazi ya kinyozi, kisha akaondoka kwao kutafuta maisha, akapita Uswisi na Ufaransa, na ilipofika mwaka 1901 alikuwa amekwisha hamia London. Akili yake ilishikwa na swali moja. Kwa nini nywele za watu wengine huzaliwa na mawimbi, na za wengine hunyooka kama uzi? Na je, mwanadamu anaweza kuyatia mawimbi hayo kwa ufundi, yasitoke hata nywele zikioshwa?

Siku zile wanawake wa Ulaya walikuwa wakizikunja nywele kwa koleo la chuma lililopashwa moto. Mawimbi hayo hayakudumu. Jasho au mvua kidogo, yamekwisha. Nessler aliona kwamba ikiwa nywele zitalowanishwa kwa dawa kali ya magadi, zikazungushwa kwenye fito na kupashwa joto kwa muda mrefu, umbo lake litabadilika lisirudi tena. Joto alilolihitaji lilikuwa la nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, nalo lilitakiwa lisipande wala lisishuke. Mkaa haukuweza kazi hiyo. Akaiendea stima, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni katika nyumba nyingi.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye wasimuliaji wengi humpita haraka. Naye ni Katharina Laible, mkewe Nessler. Majaribio ya kwanza yalifanywa kichwani mwake. Mara ya kwanza nywele ziliungua. Mara ya pili ziliungua tena, na ngozi ya kichwa ikapata majeraha ya moto. Baada ya mara mbili hizo ndipo mumewe alipopata njia ya kulitia joto katika nywele bila kuligusisha ngozi.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mashine yoyote mpya ya urembo lazima ijaribiwe kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo huwa ni yule asiyeweza kukataa kwa urahisi: mke, mdogo mtu, au mwanafunzi wa saluni. Katika saluni za Kitale na Bungoma wanaojifunza huzoezana vichwani mwao wenyewe. Hakuna ubaya katika jambo hilo, kwani ndivyo ufundi unavyofundishwa, ila mwalimu ajue kwamba kichwa cha mwanafunzi ni amana sawa na kichwa cha mteja anayelipa.

Ufumbuzi wa Nessler ulikuwa wa kuning'iniza. Alichukua fito za shaba nyeupe zipatazo 12, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo moja, akaziunganisha na waya za stima, na zote akazitundika kwa kamba zenye mizani ya uzito kutoka kwenye kiango cha taa darini, ili zisimlemee mteja wala zisiguse ngozi. Mteja alikaa chini ya mzigo huo wa kilo 11 hivi kwa muda wa saa 6. Ilipofika mwaka 1909 mashine hiyo ilikuwa na hataza na ikitumiwa London kwa wateja wenye nywele ndefu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo.

Kwa hakika siri ya mashine ile ilikuwa nafasi ndogo baina ya moto na ngozi. Siri hiyo ingali ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi. Pasi ya nywele ya siku hizi hupanda hadi nyuzi 200 na kupita, mara mbili ya maji yachemkayo. Haina ruhusa ya kugusa sikio wala shingo. Nta ya kung'olea malaika hujaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono wa fundi mwenyewe, kisha ndipo impate mteja. Mvuke wa kusafishia uso hauelekezwi usoni mpaka uwe umetulia, kwani mashine ikianza huweza kutema maji ya moto.

Lakini moto wa stima una hatari nyingine ambayo kaa la chetezo halina. Kaa tunaliona likiwa jekundu, na hata mtoto hulikwepa. Stima haionekani wala hainuki. Katika saluni moja ya Bungoma, ambayo sitaitaja, nilimsikia msichana akimwambia mkuu wake kwamba draya inamtekenya vidole kila akigusa kofia yake ya bati. Akaambiwa akaushe mikono aendelee, mteja anangoja. Mtekenyo ule ni onyo. Maana yake stima imevuja kutoka kwenye waya wake ikaingia kwenye bati, na haina njia ya kwenda ardhini ila kupitia mwili wa binadamu. Chombo cha namna hiyo huzimwa hapo hapo ukutani, huchomolewa, na hakirudi kazini mpaka fundi wa stima mwenye leseni akione.

Njia ya kwenda ardhini ni ule mguu wa juu wa plagi yetu ya miguu mitatu. Draya nyingi na pasi nyingi huja na plagi ya miguu miwili, na watu wamezoea kuchomeka kalamu katika tundu la juu la soketi ili ikubali. Vyombo vingine vimetengenezwa kwa ngozi mbili za plastiki na havihitaji waya wa ardhi. Hivyo vina alama ya mraba ndani ya mraba. Lakini chombo chenye mwili wa bati kilichonyimwa mguu wa tatu ni mtego. Na hata chombo chenye alama ile kichomekwe kwa plagi inayofaa, si kwa kalamu.

Wengine hutegemea fyuzi. Tufanye hesabu. Fyuzi kubwa ya plagi zetu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Miliampea 10 tu zinaweza kuufanya mkono ukakamae usiweze kuachia, na zikifika 50 hadi 100 zikipita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Basi fyuzi iliwekwa kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda msusi. Kinachomlinda ni swichi ya kukata stima inayovuja, ambayo hulinganisha stima iendayo na irudiyo, ikiona pengo la miliampea 30 hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika Marekani kinga ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1961 na Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, aliyetumia miaka mingi kupima ni kiasi gani cha stima mwili unaweza kustahimili. Alikuta pia kwamba ngozi iliyolowa huikaribisha stima kuliko ngozi kavu. Je, ni wapi penye mikono mibichi kuliko saluni? Sinki la kuoshea na soketi visikae jirani.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilipozuka, Nessler akiwa Mjerumani katika Uingereza alitiwa kizuizini na mali yake ikachukuliwa. Mwaka 1915 alikimbilia New York kwa meli chini ya jina lisilo lake. Alipofika alikuta jambo la ajabu: mashine yake ilikuwa imemtangulia. Mamia ya nakala zilizoigwa zilikuwa zikitumika katika mji ule, na nyingi hazikufanya kazi sawasawa. Akafungua duka mtaa wa East 49th, kisha mengine Chicago, Detroit, Philadelphia na Palm Beach, na akauza hata mashine ndogo ya kutumia nyumbani kwa dola 15.

Habari ya nakala hizo si ngeni kwetu. Katika masoko ya Kitale na Bungoma draya zinapangwa chini pamoja na redio na tochi, na bei yake inavutia. Mwenye kununua atazame alama ya shirika la viwango, atazame kama imeandikwa volti 240, kisha aushike waya aone kama ni mwembamba kuliko kazi yake. Draya mbili za wati 2,000 kila moja zikitiwa katika ekstensheni moja huvuta karibu ampea 17, hali ekstensheni imeundwa kwa 13. Kwanza huanza harufu ya plastiki, halafu moshi. Tena nchi ile ni ya radi. Mawingu ya jioni yanapokusanyika upande wa Mlima Elgon, vyombo vichomolewe vyote, mteja astahamili.

Wakati huo huo, katika Chicago, mwanamke mweusi aitwaye Marjorie Joyner, aliyefanya kazi katika kampuni ya Madam C. J. Walker, aliitazama kazi hii kwa jicho lake. Mwaka 1928 alipata hataza ya mashine yake mwenyewe ya kutia mawimbi, na mwaka uliofuata akapata nyingine ya kikinga cha ngozi ya kichwa, ili mteja asiumie. Hataza zote zilikuwa mali ya kampuni, naye hakupata utajiri. Lakini aliona kwamba baada ya urembo lazima itafutwe kinga.

Vyombo vimezidi tangu hapo. Iko mashine inayopitisha stima ndogo usoni ili dawa ipenye ngozi. Haifai kwa mja mzito, wala kwa mtu mwenye chombo cha kuongoza moyo kifuani au chuma mwilini, wala juu ya kidonda. Kwa hiyo fundi aulize kabla ya kuwasha, na aulize kwa faragha, kwani bibi harusi hatasema mbele ya mashoga zake. Iko na ile ya kioo inayotoa cheche ndogo. Haiwekwi juu ya uso uliopakwa spiriti au marashi yenye spiriti, kwani cheche na spiriti ni moto.

Utajiri wa Nessler haukudumu. Sehemu kubwa yake ilipotea katika msukosuko wa fedha wa mwaka 1929. Katika mwaka 1938 Arnold Willatt, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, alitoa njia ya kutia mawimbi kwa dawa peke yake bila moto, na polepole mashine za kuning'inia zikawekwa stoo. Nessler alifariki tarehe 22 Januari, 1951, huko Harrington Park, New Jersey, kwa ugonjwa wa moyo.

Alikuwa mtu wa bidii, na hapana haja ya kumnyima sifa yake. Hata hivyo, nikiwasimulia habari hizi wasichana wanaojifunza kazi, jina ninalowaomba walishike ni la Katharina Laible. Mumewe alikuwa wa kwanza kulitafuta joto la stima, yeye akawa wa kwanza kuungua nalo, na kila kinga tuliyo nayo leo katika saluni imewekwa ili asiongezeke wa pili. Msichana anayesema mashine inamtekenya anasema maneno ambayo bibi yule pengine hakupewa nafasi ya kuyasema. Mkuu wa saluni akiyasikia, asimhimize aendelee. Aende akazime swichi.