T.E. Lawrence: Mwendesha baiskeli aliyegeuka kuwa shujaa wa jangwani

WALIOITAZAMA filamu ya David Lean ya mwaka wa 1962 humkumbuka T.E. Lawrence akiwa juu ya ngamia, kanzu yake nyeupe ikipeperushwa na upepo wa jangwani. Picha hiyo imekita mizizi kiasi kwamba ni wachache wanaojua kuwa ngamia alikuja baadaye sana. Miaka kumi kabla ya vita vya Arabuni, Lawrence alikuwa kijana mfupi wa kimo aliyezunguka mashambani Uingereza na Ufaransa kwa baiskeli, futi ya kupimia ikiwa mfukoni, akisaka makanisa makongwe na ngome zilizobomoka.

Alizaliwa Agosti 16, 1888 katika kijiji cha Tremadog, Wales. Jina la Lawrence halikuwa la ukoo wa babake. Mzee huyo, Thomas Chapman, alikuwa mwenye ardhi nchini Ireland ambaye alimwacha mkewe na mabinti wanne, akaondoka na Sarah, mwanamke aliyekuwa ameajiriwa kuwalea na kuwafunza mabinti hao. Hawakuweza kufunga ndoa, kwa hivyo walijitwalia jina jipya na kuhamahama, wasije wakatambuliwa. Kwa muda waliishi Dinard, mji wa pwani ulioko Brittany, Ufaransa. Mnamo 1896 walitua Oxford, wakiwalea wavulana wao watano katika nyumba iliyojaa Biblia, vitabu na siri moja nzito. Ned, kama alivyoitwa nyumbani, alikuwa wa pili.

Babake alipenda mno kuendesha baiskeli, na huenda huo ndio urithi wa pekee aliomkabidhi mwanawe waziwazi. Akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, Ned na rafiki yake wa shuleni waliendesha baiskeli hadi vijiji vya Oxfordshire, Berkshire na Buckinghamshire. Waliingia makanisani na kutandaza karatasi juu ya mabamba ya shaba yaliyochongwa sura za masharifu na mashujaa wa kale, kisha wakaisugua kwa nta nyeusi ya washona viatu hadi sura ikajitokeza. Mjini Oxford kwenyewe waliwafuata vibarua waliochimba misingi ya majengo, wakinunua vigae na chupa kuukuu na kuvipeleka katika makavazi ya Ashmolean. Ripoti ya makavazi hayo ya mwaka wa 1906 iliwataja vijana hao wawili. Si jambo dogo kwa wavulana ambao hawakuwa wamemaliza shule.

Mwaka huohuo wa 1906 alivuka bahari na baiskeli yake hadi Ufaransa, akirejea kwanza Brittany aliyoijua utotoni. Mnamo 1907 alirudi tena, na kwa sehemu ya safari aliandamana na babake. Waliiona Château Gaillard, ngome ambayo Mfalme Richard wa Uingereza aliijenga kati ya 1196 na 1198 juu ya jabali linalotazama mto Seine, na ambayo Wafaransa waliiteka mnamo 1204. Kwa kijana wa miaka 18 aliyekua akisoma visa vya mashujaa wa enzi hizo, kusimama mahali kama hapo kulikuwa sawa na kukutana nao ana kwa ana.

Hata hivyo, safari iliyomjenga hasa ni ile ya kiangazi cha 1908, alipokuwa mwanafunzi wa historia katika Chuo cha Jesus, Oxford. Alikwenda peke yake, na kufikia mwisho alikuwa amekanyaga pedali kwa zaidi ya kilomita 3,500. Inasemekana baiskeli yake iliundwa na William Morris, fundi wa mjini Oxford ambaye baadaye aligeukia magari, yakiwemo yale ya Morris ambayo wazee wetu wanayakumbuka vyema. Magari yenyewe yalikuwa machache mno wakati huo. Barabara za mashambani zilikuwa za changarawe na vumbi jeupe, na aliyezipita alikutana zaidi na mikokoteni, ng'ombe na wakulima waliokuwa wakitoka kuvuna.

Alipita Coucy, Provins na Vézelay, akapanda milima hadi Le Puy, kisha akateremka kando ya mto Rhône. Chakula chake kilikuwa mkate, maziwa na matunda. Katika kila ngome alipima unene wa kuta, akachora ramani, akapiga picha, akatambaa katika mashimo ambayo wenyeji wenyewe hawakuthubutu kuingia. Usiku alimwandikia mamake barua ndefu, akimweleza habari za minara na madirisha kana kwamba anatayarisha ripoti.

Huko Aigues-Mortes, mji uliozungukwa na ukuta katika vinamasi vya kusini, aliiona bahari ya Mediterania kwa mara ya kwanza. Kutoka mji huo ndiko Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alikong'oa nanga mnamo 1248 kuelekea katika Vita vya Msalaba. Lawrence aliogelea katika maji hayo na kuhisi kwamba nchi za Mashariki zinamwita. Akarejea kaskazini kupitia Carcassonne na kanisa kuu la Chartres, lakini akili yake tayari ilikuwa Syria.

Mnamo 1909, licha ya kuonywa na wazee waliozijua nchi hizo, alizuru Syria iliyokuwa chini ya Waturuki wa dola ya Uthmaniya. Safari hii aliiacha baiskeli, akatembea kwa miguu takriban kilomita 1,600 katika joto kali. Alizuru zaidi ya ngome 30, akavamiwa na kuibiwa njiani, na akalala katika nyumba za wanakijiji waliomkirimu bila kumjua. Tasnifu aliyoandika ilidai kwamba wapiganaji wa Msalaba walipeleka ufundi wao wa ujenzi Mashariki badala ya kuuchukua huko. Wataalamu wa baadaye wamelipinga dai hilo kwa kiasi, lakini mnamo 1910 lilimpa shahada ya daraja la kwanza. Msingi wake ulikuwa vipimo vilivyochukuliwa kwa mkono, vingi vyavyo vikiwa vimefikiwa kwa baiskeli.

Yaliyofuata yanajulikana na yamesimuliwa kupita kiasi. Kuanzia 1911 alichimba mabaki ya kale huko Carchemish. Vita vilipozuka mnamo 1914 alitumwa Cairo kushughulikia ramani, na mwishoni mwa 1916 akajiunga na Waarabu walioasi chini ya Sharifu Hussein wa Makka na wanawe. Mji wa Aqaba ulitekwa Julai 6, 1917, Damascus Oktoba 1918. Wazungu waliandika kana kwamba aliifanya kazi hiyo peke yake. Haikuwa hivyo. Auda abu Tayi na wapanda ngamia wake ndio walioijua njia ya Aqaba, na Amiri Faisal ndiye aliyeziunganisha kabila mbalimbali chini ya bendera moja. Alichokileta Lawrence, mbali na dhahabu na baruti za Uingereza, ni jicho la mtu aliyezoea kuisoma nchi polepole, kilima kwa kilima, na mwili uliozoea kula kidogo.

Vita hivyo vilimpokonya mengi pia. Ndugu zake wawili, Frank na Will, waliuawa Ufaransa mnamo 1915. Mnamo Machi 1917 jeshi la Ujerumani liliulipua mnara mkuu wa Coucy, uliokuwa na kimo cha mita zipatazo 54, ambao aliuona akiwa na miaka 19. Katika siku hizohizo yeye mwenyewe alikuwa akilipua reli ya Hijaz.

Kilichomtesa zaidi ni ahadi. Alijua kwamba Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekubaliana kwa siri mnamo 1916 kuzigawana nchi ambazo Waarabu waliambiwa zingekuwa zao. Aliendelea kuwaahidi uhuru. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa habari za mipaka inayochorwa na wageni kwa rula. Mnamo 1921 alimsaidia Winston Churchill kumtawaza Faisal nchini Iraq na kumweka nduguye Abdullah ng'ambo ya mto Jordan. Syria ilibaki mikononi mwa Wafaransa. Mwaka uliofuata aliyekuwa kanali alijiunga na jeshi la anga kama askari wa cheo cha chini kabisa, kwa jina la bandia la Ross, kisha akajiita Shaw. Mwana wa baba aliyejificha nyuma ya jina naye alijificha vivyo hivyo.

Utumishi wake ulikoma Februari 26, 1935 katika bandari ya Bridlington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Aliondoka kwa baiskeli. Picha iliyopigwa asubuhi hiyo inamwonyesha akiwa amevaa skafu shingoni, mtu wa makamo asiyetofautiana na kibarua yeyote. Alielekea kusini kupitia mashambani, hatimaye akafika kwenye kibanda chake cha Clouds Hill, Dorset, ambako waandishi wa habari walikuwa wakimvizia.

Humo pia aliweka pikipiki yake ya Brough Superior, chombo cha kasi alichokipenda kupindukia. Mei 13, 1935 alikuwa akitoka kutuma simu ya maandishi katika kambi ya Bovington. Barabara ilikuwa na bonde dogo, na ndani ya bonde hilo kulikuwa na wavulana wawili juu ya baiskeli. Aliwaona akiwa amechelewa, akakata kona kuwakwepa, akarushwa chini. Wavulana walinusurika. Yeye alilala bila fahamu kwa siku sita na kufariki Mei 19, akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho kilimsukuma kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mnamo 1941 alichapisha utafiti uliolifanya jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa helmeti.