Graham Bond: alifungulia wengine mlango, yeye akabaki inje

Tarehe 8 mwezi wa tano mwaka 1974, treni ya metro ilimgonga na kumuua mwanaume mmoja kwenye kituo cha Finsbury Park, kaskazini mwa mji wa London. Polisi ilibidi watumie alama za vidole ili kujua ni nani. Alikuwa Graham Bond, mwanamuziki wa miaka 36. Wakati huo, vijana waliopita katika orkestra yake walikuwa wamekwisha kujaza viwanja vya Marekani na kuuza diski kwa mamilioni. Yeye aliyewakusanya alikuwa hana orkestra tena.

Hapa kwetu jina lake halijulikani sana. Lakini mtu yeyote anayependa muziki wa Cream, wa Colosseum au wa mpiga gita John McLaughlin, amesikia matunda ya kazi yake bila kujua. Katika historia ya ule muziki wa Uingereza uliochanganya jazi, bluzi na roki, njia nyingi zinaanzia kwake.

Mtoto asiyejua wazazi wake

Graham Bond alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kumi mwaka 1937 huko Romford, mashariki ya London. Hakulelewa na wazazi waliomzaa. Alichukuliwa akiwa mtoto mchanga kutoka kwa Barnardo's, shirika la Uingereza linalotunza watoto wasio na familia, na jamaa ya Bond ikamlea kama mtoto wake. Swali la kujua baba yake ni nani lilimfuata maisha yote, na tutaona namna lilivyomharibu siku za mwisho.

Alikuwa pia mtoto mwenye pumu. Inasimuliwa kwamba alipewa saksofoni ili mapafu yake yapate nguvu. Kilichokuja kama dawa kikageuka kazi. Alijifunza pia kinanda, na mwaka 1961 alikuwa tayari anapiga saksofoni katika kikundi cha Don Rendell, mmoja wa watu wenye heshima katika jazi ya Uingereza. Mwaka huo walitoa diski inayoitwa Roarin'. Wapenzi wa jazi walimwona Bond kama kijana mwenye nguvu, anayepuliza bila woga.

Kutoka jazi kuingia bluzi

Ili kuelewa alichofanya baadaye, lazima kujua hali ya London ya wakati ule. Watu wa jazi walikuwa na dunia yao: walisoma muziki, walivaa suti, na wengi walidharau bluzi na roki kama muziki wa watoto. Lakini kilabu za jazi zilikuwa na watu wachache na pesa kidogo. Upande mwingine, vijana walikuwa wanajaa kila walipopiga watu wa bluzi.

Kiongozi wa bluzi alikuwa Alexis Korner, na orkestra yake Blues Incorporated. Ilikuwa kama shule. Mick Jagger aliimba pale kabla ya kujulikana. Charlie Watts alipiga ngoma pale kabla ya kwenda Rolling Stones, na aliyechukua nafasi yake ni Ginger Baker. Jack Bruce alikuwa kwenye besi. Mwishoni mwa mwaka 1962, Bond aliingia naye, na akaanza kupiga kinanda cha Hammond pamoja na saksofoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1963, Bond, Bruce na Baker walianza kupiga watatu peke yao, na watu wakawapenda. Inasemwa kwamba Bond alimwendea Korner akamwambia kwamba wote watatu wanaacha kazi, bila kuwauliza kwanza wenzake. Ndivyo alivyokuwa: mwenye haraka, mwenye maneno mengi, mwenye kuamini kwamba mambo yatapatana tu mbele ya safari.

Wa nne aliyeongezwa alikuwa John McLaughlin kwenye gita. Hakukaa hata mwaka mzima. Nafasi yake ilichukuliwa na Dick Heckstall-Smith, mpiga saksofoni aliyeweza kupuliza saksofoni mbili kwa mara moja. Orkestra ikaitwa Graham Bond Organisation.

Sauti ambayo Uingereza haikuwa imeisikia

Bond alikuwa mtu mnene, mwenye nywele ndefu na masharubu, na sauti nzito ya kukwaruza. Kwenye jukwaa alikuwa anapiga kinanda kwa mkono mmoja na kushika saksofoni kwa mkono mwingine, vyote kwa wakati mmoja, huku akiimba.

Kinanda cha Hammond kilitumika sana katika makanisa na katika jazi ya Marekani. Bond alikuwa kati ya watu wa kwanza Uingereza kukipitisha katika Leslie, yaani kile kipaza sauti chenye pembe inayozunguka ndani ya sanduku, kinachofanya sauti itetemeke na kujaa nyumba nzima. Alikuwa pia kati ya wa kwanza kutumia Mellotron kwenye diski. Hicho ni kinanda chenye kanda za sauti ndani: ukibonyeza kidole, kanda inazunguka na unasikia fidla au filimbi zilizorekodiwa. Miaka michache baadaye, vikundi vikubwa vya roki vilikichukua chombo hicho kuwa chao.

Mwaka 1965 orkestra ilitoa diski mbili kubwa: The Sound of '65, halafu There's a Bond Between Us. Ndani yake unasikia bluzi ya watu weusi wa Marekani, mdundo wa roki, na wapigaji wanaotoka nje ya wimbo na kubuni papo hapo kama watu wa jazi. Diski hizo hazikuuzwa sana. Lakini wanamuziki wenyewe walikuwa wanakuja kuwatazama na kujifunza. Jon Lord, aliyekuwa baadaye mpiga kinanda wa Deep Purple, alikiri kwamba mengi aliyojua juu ya Hammond alifundishwa na Bond.

Nyumba inabomoka

Shida ilikuwa ndani. Kazi ilikuwa nyingi, safari za usiku hazikuisha, na malipo yalikuwa madogo. Bruce na Baker hawakupatana. Walifikia kupigana hata mbele ya watu. Bond naye alikuwa ameingia katika heroini. Mwenye orkestra alipodhoofika, Baker ndiye aliyeanza kuongoza mambo, na mwaka 1965 alimfukuza Bruce.

Mwaka 1966 Baker mwenyewe aliondoka. Alitaka kuunda kikundi pamoja na Eric Clapton, na Clapton alitaka Jack Bruce awemo. Maadui wawili wakakubali kukaa pamoja, na Cream ikazaliwa. Kwa muda wa miaka miwili na nusu tu, watatu hao walipata sifa na pesa ambazo Bond hakuzipata hata siku moja.

Bond hakukata tamaa mara moja. Alimchukua kijana Jon Hiseman kwenye ngoma, akaendelea. Lakini Hiseman na Heckstall-Smith nao waliondoka, wakapita kwa John Mayall, na mwaka 1968 wakaunda Colosseum, moja ya orkestra kubwa za jazi-roki Ulaya. Diski yao ya kwanza, ya mwaka 1969, inaanza na Walking in the Park, wimbo uliotungwa na Graham Bond. Hawakumsahau. Mwaka huohuo McLaughlin alikuwa Marekani akirekodi na Miles Davis, na mwaka 1971 aliunda Mahavishnu Orchestra.

Kwa hiyo ukihesabu, kutoka kikundi kimoja cha London walitoka watu waliojenga Cream, Colosseum na Mahavishnu. Ni vigumu kupata mwalimu mwingine wa namna hiyo katika muziki ule.

Marekani, kurudi, na uchawi

Bond alikwenda kutafuta bahati Marekani, akarekodi diski mbili huko, lakini hazikumpa jina. Mwaka 1969 akarudi Uingereza. Wanafunzi wake wa zamani sasa ndio waliompa kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1970 Ginger Baker alimwingiza katika Air Force, orkestra kubwa iliyokuwa na Steve Winwood na mpiga ngoma kutoka Nigeria, Remi Kabaka. Baker alivutwa sana na midundo ya Afrika. Mwaka 1971 alikwenda Lagos na kupiga pamoja na Fela Kuti. Bond alipita pia katika kikundi cha Jack Bruce, lakini huko nako hakudumu.

Tatizo halikuwa dawa za kulevya peke yake. Bond alikuwa ameshikwa na mambo ya uchawi, hasa maandiko ya Aleister Crowley, Mwingereza aliyekufa mwaka 1947 na aliyejulikana kwa ibada za siri. Bond alifikia kuamini kwamba Crowley ndiye aliyekuwa baba yake mzazi. Hakuna ushahidi wowote. Lakini kwa mtu aliyekua bila kujua ametoka wapi, wazo lile lilijaza pengo la zamani. Pamoja na mke wake, mwimbaji Diane Stewart, alitoa diski mbili zilizojaa mambo hayo: Holy Magick mwaka 1970, na We Put Our Magick on You mwaka 1971.

Ndoa ikavunjika. Mwaka 1972 alirekodi diski na Pete Brown, mshairi aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi za Cream, lakini ushirikiano huo haukwenda mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1973 akili ilimchoka, akalazwa hospitalini. Alipotoka alijaribu tena, akaunda kikundi kiitwacho Magus pamoja na mwimbaji Carolanne Pegg. Mwisho wa mwaka kikundi kilikuwa kimekwisha. Rafiki walisema kwamba siku za mwisho alikuwa ameacha heroini, lakini woga wa nguvu za giza ulikuwa umezidi. Wengi wanaamini kwamba alijiua kule Finsbury Park.

Anachotuachia

Si haki kumfanya Bond kuwa mtakatifu. Aliwachosha waliomsaidia na kuwaumiza waliokaa karibu naye, na pesa ikiingia mikononi mwake haikulala. Lakini pia si haki kusema kwamba alishindwa. Alikuwa na sikio la kutambua kipaji kabla wengine hawajakiona, na aliwaachia vijana nafasi ya kupiga hata kama wangemfunika.

Kifo chake kinabakiza swali ambalo watu wa muziki popote wanalijua. Orkestra inapokuwa na kazi, kiongozi anazungukwa na watu. Anapoanza kuugua kichwani, au kufungwa na dawa, wengi wanacheka au kusema amelogwa, na wachache wanampeleka kwa mganga wa hospitali na kukaa naye hadi apone. Bond alipewa nafasi za kupiga, si mara moja. Lakini kazi ya jukwaani haikutosha kumponya.

Mwaka 1992 Mwingereza Harry Shapiro aliandika maisha yake katika buku, na mwaka 2012 rekodi za orkestra yake zilikusanywa katika diski nne zinazoitwa Wade in the Water. Anayetaka kumjua aanze na The Sound of '65. Asikilize kile kinanda, halafu ahesabu ni wangapi waliokuja nyuma yake.