Sarah Goodridge, mama wa picha ndogo

Leo tunawaambia juu ya Sarah Goodridge, aliyezaliwa mwaka 1788 huko Templeton, Massachusetts, Marekani. Kwao karatasi ilikuwa bei kali, njo maana alichora na pini juu ya maganda ya mti. Akajifundisha mwenyewe, kiisha mwaka 1820 akafungua chumba cha kazi Boston. Mchoraji mkubwa Gilbert Stuart akamuongoza, naye akachora sura ya mwalimu wake. Picha zake, kwenye vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, zinaenea kiganjani. Kazi hiyo ilimtunza mama yake mgonjwa na mtoto yatima wa ndugu yake. Macho yalipochoka akaacha, akafa 1853. Sisi tuliorudi mikono mitupu tunaomba: mwenye ufundi amfundishe mtoto wa jirani.