Thomas, Mwana wa Waunga Mifupa

Askari aliyevunjika paja yumo hatarini kuliko adhaniavyo. Mfupa ukitikisika njiani huchana nyama na mishipa, na damu nyingi huvuja ndani isionekane. Leo twamkumbuka Hugh Owen Thomas, aliyebuni banzi la kuutuliza mguu huo.

Alizaliwa mwaka 1834 katika kisiwa cha Anglesey, Wales, katika ukoo wa waunga mifupa waliorithishana kazi bila vyeti. Baba yake, Evan Thomas, alishtakiwa na madaktari mjini Liverpool. Naye akawapeleka wanawe wote watano kusomea udaktari.

Hugh alihitimu mwaka 1857, akafanya kazi mumo humo Liverpool. Kila Jumapili aliwatibu maskini bure. Hakupata kushika cheo katika hospitali yoyote kubwa. Katika karakana yake ndimo lilimoundwa banzi hilo: pete iliyovikwa ngozi, ikaayo juu ya paja, na fito mbili za chuma zishukazo kandokando ya mguu. Mguu huvutwa, ukafungwa chini, ukatulia.

Alifariki mwaka 1891, kabla banzi lake halijathaminiwa. Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mkewe na mwanafunzi wake, ndiye aliyelihimiza jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza. Wabeba machela walizoezwa kulifunga hata wakiwa wamefungwa macho. Huko Arras, mwaka 1917, walikufa kiasi cha 16 tu katika kila majeruhi 100 wa paja, ilhali hapo awali wengi hawakupona.

Basi tuitwapo kwenye zoezi la banzi, tusilihesabu kuwa adhabu.